Namba za watumiaji zikigoma kueleweka: dalili, chanzo na pa kuanzia kutafuta

Ujumbe huingia asubuhi, kabla hata sijakaa vizuri: "Mbona watumiaji wameshuka?" Chini yake kuna picha ya dashibodi yenye mstari ulioporomoka, na wakubwa watatu wamenakiliwa. Kufikia saa nne kila mtu ana maelezo yake. Wa masoko anasema ni lile tangazo lililositishwa, wa bidhaa anasema ni skrini mpya, wa mauzo anasema yeye alishaonya.

Kabla ya kubishana na yeyote kati yao, mimi huangalia umbo la mstari. Watu hubadili tabia taratibu: wanachoka, wanasahau, wanahamia kwingine mmoja mmoja, na grafu yao huteremka kama mgongo wa kilima. Msimbo hauna taratibu. Ukiharibika, umeharibika saa fulani na dakika fulani, na grafu yake hushuka kama ngazi. Mstari uliokatika wima unanituma kwanza kwa wahandisi. Uliolala kidogo kidogo kwa wiki tano unanituma kwa wateja. Huduma yenyewe ikizimika watu hutoweka ghafla kweli, lakini hapo hutasubiri grafu ikuambie, simu zitakuwa zimeshalia.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye skrini, kwa sababu ndicho pekee ulicho nacho unapoanza. Mengi yanafaa jukwaa lolote la uchambuzi. Nikitaja Google Analytics, Power BI au Looker, ni pale ambapo jukwaa hilo lina tabia yake ya kukumbukwa.

Mstari umeanguka kama ngazi

Badili grafu kutoka siku kwenda saa. Anguko la "Jumanne" likigeuka kuwa "Jumanne 14:00", kazi imepungua nusu: uliza ni nini kilitolewa saa nane mchana. Anguko la 00:00 kamili lina harufu nyingine. Ni wachache wanaotoa toleo jipya saa sita usiku. Saa hiyo ni ya vitu vinavyokwenda kwa tarehe, kama kazi za ratiba, vichujio vya siku, leseni iliyoisha, au jedwali la mwezi mpya ambalo hakuna aliyekumbuka kulitengeneza.

Ukishaipata saa, gawanya. Amri fupi ya SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) kama hii, inayohesabu matukio, yaani vitendo vya watumiaji vinavyorekodiwa, huzaa majibu kuliko mikutano miwili:

    SELECT toleo_la_programu,
           COUNT(*) AS matukio,
           COUNT(DISTINCT mtumiaji_id) AS watumiaji
    FROM matukio
    WHERE wakati >= '2024-03-12' AND wakati < '2024-03-13'
    GROUP BY toleo_la_programu;

Weka kivinjari, nchi au aina ya simu mahali pa toleo, kisha rudia. Unatafuta kipande kimoja kilichobeba anguko lote huku vingine vimetulia. Vikishuka vyote kwa kiwango kilekile, tatizo liko mbele zaidi, kule data inakokusanyikia au kwenye ripoti yenyewe, na huna sababu ya kumsumbua mtu wa programu ya simu.

Kipande kimoja kikionekana, chanzo cha kawaida kuliko vyote ni jina la tukio. Mtu amesafisha msimbo, na katika kusafisha "Nunua" imekuwa "nunua". Google Analytics 4 hutofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya matukio, kwa hiyo kwake hayo ni matukio mawili yasiyojuana. Panga majina yote ya matukio kwa siku ya kuonekana mara ya kwanza na ya mwisho. Jina moja likifa siku ambayo jingine linalofanana nalo limezaliwa, umeshampata mhusika.

Cha pili ni tovuti iliyogeuzwa kuwa ya ukurasa mmoja, ambapo mtu anahama kutoka ukurasa hadi ukurasa bila kivinjari kupakia chochote upya. Msimbo wa kuhesabu uliozoea kuamshwa na kupakia unaamka mara moja tu. Dalili yake ni nzuri kwa sababu haichanganyiki na nyingine: idadi ya watu haijaguswa, lakini kurasa kwa kila ziara zimeshuka hadi kukaribia moja. Cha tatu ni bango la kuomba ridhaa ya kufuatiliwa. Likiwekwa leo, waliokataa hawahesabiwi kuanzia leo, na hakuna cha kurekebisha hapo. Ni hesabu mpya yenye kipimo kipya, na kuilinganisha na mwezi uliopita ni kujisumbua.

Sasa niivunje kanuni yangu mwenyewe. Kosa likiwa ndani ya programu ya simu, halishuki kama ngazi. Watu husasisha programu zao kwa siku nyingi, huyu leo, yule wiki ijayo, kwa hiyo kosa linaenea nao na grafu inateremka kama mgongo wa kilima, sawasawa kabisa na watu wanaochoka. Niliwahi kukaa siku tisa nikitafuta sababu ya wateja kupungua kumbe toleo jipya lilikuwa limeacha kutuma tukio moja. Kinachofichua ni kugawanya kwa toleo, na kwa kila toleo kupima matukio kwa mtumiaji mmoja, si jumla. Jumla ya toleo la zamani itashuka kwa hali yoyote kwa kuwa watu wanalihama. Lakini kama mtumiaji wa toleo la zamani bado ana wastani wa matukio 11 kwa siku na wa toleo jipya ana 4, tena siku baada ya siku bila kuyumba, watu hawajachoka. Wanahesabiwa vibaya.

Matukio yamepanda maradufu, watu ni walewale

Usifurahi bado. Chukua mtumiaji mmoja, siku moja, upange rekodi zake kwa wakati hadi milisekunde. Ukikuta ukurasa uleule umefunguliwa 10:14:07.120 na tena 10:14:07.124, hakuna kidole cha binadamu chenye kasi hiyo. Msimbo wa kuhesabu umewekwa mara mbili, mara nyingi mmoja ukiwa umebandikwa ndani ya ukurasa tangu zamani na mwingine ukiingizwa kupitia kidhibiti cha lebo (tag manager, zana ya kuweka misimbo kwenye tovuti) na mtu ambaye hakujua kuwa wa kwanza upo.

Kuna marudio ya aina ya pili, na dawa yake ni tofauti, kwa hiyo usiyachanganye. Simu imetuma tukio, seva imelipokea, lakini mtandao umekatika kabla jibu halijarudi. Simu inadhani halikufika, inalituma tena. Hapa rekodi mbili zina ID (kitambulisho) moja ya tukio na saa moja ya kifaa. Kinachotofautiana ni saa ya kufika, pengine kwa dakika kadhaa. Kwenye msimbo uliowekwa mara mbili mambo ni kinyume: ID za matukio ni tofauti, saa zinapishana kwa milisekunde chache.

Marudio ya mtandao hutibiwa upande wa seva: kila tukio lizaliwe na ID yake ya kipekee kwenye kifaa, na seva iitupe nakala. Msimbo uliowekwa mara mbili hutibiwa kwa kuuondoa mmoja, basi. Nimeona watu wakitibu la pili kwa dawa ya la kwanza, yaani kutupa kila tukio linalofuatana na jingine ndani ya sekunde moja. Wakaua na mibofyo ya kweli ya watu wenye haraka.

Watu wamepanda, matukio ni yaleyale

Hii ndiyo pacha wa dalili iliyotangulia, na maana yake ni kwamba mtu mmoja anahesabiwa kama wawili. Utambulisho umevunjika.

Fungua jedwali la wanaorudi, lile linaloonyesha kati ya waliofika mara ya kwanza wiki fulani ni wangapi walionekana tena baadaye. Gawanya kwa kivinjari. Ikiwa waliotumia Safari wanaporomoka baada ya siku ya saba huku wa vivinjari vingine wakiteremka kwa utulivu, watu wa Safari hawajakukimbia. Tangu mwaka 2019 Safari hufuta baada ya siku 7 vidakuzi (cookies, vijifaili vinavyoachwa kwenye kivinjari ili mtu atambulike akirudi) vilivyoandikwa na msimbo wa ukurasa, mradi mtu hajarudi kwenye tovuti hiyo ndani ya muda huo. Anayekutembelea kila baada ya siku kumi ni mgeni mpya kila mara. Chrome nayo ina ukomo wake tangu 2022, siku 400, ila huo utausikia kwa nadra.

Kama tofauti haiko kwenye kivinjari, angalia mlango wa kuingilia. Mtu asiyejulikana anatazama bidhaa kwa dakika kumi, kisha anaingia kwa akaunti yake. Kama hakuna kinachoziunganisha ID hizo mbili, mmeandika watu wawili, mmoja aliyetazama bila kununua na mwingine aliyenunua bila kutazama. Ripoti ya hatua za ununuzi itaonyesha maajabu: wanunuzi wanaotokea moja kwa moja kwenye ukurasa wa malipo kama waliodondoka kutoka mbinguni.

Watu wamepungua, matukio ni yaleyale

Kinyume chake: watu wengi wameunganishwa kuwa mmoja. Kompyuta ya pamoja inaweza kufanya hivyo, lakini mshukiwa wangu wa kwanza ni lahajedwali.

Tuseme una watumiaji watatu wenye ID 9007199254740991, 9007199254740993 na 9007199254740998. Mtu anafungua faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu) kwenye Excel aongeze safu ya mkoa, anahifadhi, anaipakia tena. Excel hutunza tarakimu 15 za namba. Ya 16 na kuendelea huwa sifuri. Wote watatu sasa ni 9007199254740990, na hakuna onyo lolote lililotokea. JavaScript, lugha ya msimbo wa kurasa za wavuti, ina maradhi ya ukoo huohuo: namba nzima huaminika hadi 9007199254740991, na kuanzia hapo jirani wanaanza kugongana. Ni kwa sababu hiyo Twitter, mwaka 2010, ilianza kutoa ID zake pia kama maandishi kando ya namba. Nawe fanya hivyo. ID haijumlishwi wala haigawanywi, haina sababu ya kuwa namba.

Mtumiaji mmoja anafanya kazi ya kijiji kizima

Mahali nilipowahi kufanya kazi, mtumiaji aliyeongoza mwaka mzima alikuwa na karibu robo ya matukio yote ya mfumo. Meneja mmoja aliuliza kama tungeweza kumwalika atoe ushuhuda mbele ya wateja wapya. Ikabidi nimwonyeshe jina lake kwenye safu ya ID: undefined.

JavaScript ilikuwa inatuma ID kabla akaunti haijapakiwa, na kitu kisichokuwepo kikageuzwa maandishi. Tofauti hapa ni ndogo kwa macho na kubwa kwa hesabu. NULL ya kweli (alama ya hifadhidata kwamba thamani haipo) hurukwa na COUNT(DISTINCT), amri ya kuhesabu bila kurudia, kwa hiyo waliokosa ID hawaonekani kwenye idadi ya watu hata kidogo. Lakini maandishi 'undefined', 'null', '0' au hata nafasi tupu ni mtu kamili machoni pa hifadhidata, na kila asiye na jina anamwagiwa humo. Kwa hiyo kabla ya ripoti yoyote ya watumiaji, panga ID kwa wingi wa matukio na usome ishirini za juu kwa macho yako. Ni kazi ya dakika mbili.

Humo juu utawakuta na wengine: akaunti ya majaribio ya wahandisi, kifaa kinachopima kila dakika kama huduma iko hai, na boti, yaani programu zinazotembelea tovuti zenyewe. Google Analytics 4 huwaondoa boti wanaojulikana kwa kutumia utafiti wake pamoja na orodha ya kimataifa ya IAB (muungano wa kampuni za matangazo ya mtandaoni), lakini boti asiyejitambulisha hayumo kwenye orodha yoyote. Huyo mtambue kwa mwendo: matukio yanayopishana kwa muda uleule bila kukosea, saa 24 bila kulala, na hakuna hata siku moja aliyobofya kitu kisicho na maana. Binadamu hubofya ovyo.

Ripoti mbili, majibu mawili

Hapa ndipo urafiki wa ofisini huvunjika. Fedha wana 41,200, masoko wana 43,900, na kila upande unaona mwingine hajui kuhesabu. Usianze na misimbo yao. Anza na swali moja: tofauti ina tabia gani?

Jumla za mwezi zikikaribiana sana lakini siku moja moja hazilingani, ni ukanda wa saa. Seva inaandika kwa UTC (saa ya marejeo ya dunia), ripoti ya pili inatumia saa za ofisini, tuseme UTC+3. Kila kilichofanyika kati ya 00:00 na 02:59 za ofisini, seva imekiandika jana. Kwenye mwezi mzima ujanja huo hauonekani isipokuwa kwenye kingo mbili, ila siku yenye tangazo la usiku itakupa mshtuko. Kule wanakosogeza saa mara mbili kwa mwaka kuna pia siku ya saa 23 na nyingine ya saa 25, ambazo kila mwaka kuna mtu huzigundua upya kwa hofu. Na zikitofautiana kwa wiki tu, tazama wiki inaanza lini: kiwango cha ISO 8601 kinaanza Jumatatu, majukwaa mengi yanaanza Jumapili.

Tofauti ikiwa ni kiwango kilekile kila siku, tuseme asilimia 6 bila kuyumba, ni ufafanuzi au kichujio. Mmoja anamwita "mtumiaji hai" yeyote aliyefungua programu, mwingine anamtaka awe amefanya kitu. Mmoja ameondoa wafanyakazi wa kampuni kwenye hesabu. Mmoja anahesabu kwenye kivinjari, ambako vizuizi vya matangazo humeza sehemu ya matukio, na mwingine anahesabu kwenye seva ambako hakuna kinachomezwa. Hawa wote wako sahihi, na kazi yako ni kuandika ufafanuzi chini ya kila namba, kwa sentensi inayosomeka na mtu asiyejua SQL.

Tofauti ikikua kadiri kipindi kinavyorefuka, mtu amejumlisha visivyojumlishika. Aliyefungua programu Jumatatu, Jumanne na Jumatano ni mtumiaji mmoja wa wiki, lakini ukijumlisha watumiaji wa kila siku ni watatu. Matukio hujumlishwa, watu hawajumlishwi. Kosa hili halifi. Linahama tu kutoka lahajedwali moja kwenda nyingine.

Na kama upande mmoja una namba kubwa kupita akili, tazama namna majedwali yalivyounganishwa. Mteja ana matukio 12 na malipo 3. Unganisha jedwali la matukio na la malipo kwa ID ya mteja na utapata rekodi 36. Jumla ya malipo yake sasa imezidishwa mara 12. Jumlisha kila jedwali peke yake kwanza, ndipo uunganishe. Kosa la upande wa pili ni la kimyakimya zaidi: mtu ameunganisha majedwali kwa LEFT JOIN ili watumiaji wasio na tukio wabaki, kisha akaweka sharti la tarehe ya tukio kwenye WHERE, sehemu inayochuja matokeo. Wasio na tukio hawana tarehe, wanachujwa, na wastani wa matumizi unapanda kwa sababu waliolala wametolewa nje ya chumba. Sharti hilo mahali pake ni kwenye ON, sehemu inayosema majedwali yaunganishwe vipi.

Kuna na la siku ya mwisho ya mwezi. Ukiandika BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31' kwenye safu yenye saa, hifadhidata inaelewa mwisho ni tarehe 31 saa sita kamili usiku, inapoanza. Siku nzima imepotea. Ndiyo sababu kwenye mfano wa juu nimeandika "kubwa au sawa na" mwanzo, na "ndogo kuliko" siku inayofuata.

Tofauti ndogo ndogo zisizo na mpangilio, za sehemu ya asilimia, ziache. Google Analytics 4 hukadiria idadi ya watumiaji kwa mbinu ya HyperLogLog++ badala ya kumhesabu kila mmoja, kwa hiyo ukiitoa data ileile kwenda BigQuery (hifadhidata ya Google) na kuhesabu kwa ukamilifu hutapata namba ileile. Muda wa kuisaka tofauti hiyo una matumizi bora. Na kabla ya yote haya, ambalo ningeliweka juu kama lisingekuwa la aibu: hakikisha watu hao wawili wana ruhusa sawa. Majukwaa mengi huficha rekodi kulingana na aliyeingia. Meneja wa kanda anaona kanda yake, mkurugenzi anaona zote, na dashibodi ni ileile yenye kichwa kilekile.

Ukikwama, acha jumla. Chagua siku moja na mtumiaji mmoja anayeonekana kwenye ripoti moja na hayumo kwenye nyingine, umfuate hatua kwa hatua kutoka simu yake hadi kwenye mstari wa grafu. Mtu mmoja aliyepotea anajulikana alipopotelea. Watu 2,700 hawajulikani.

Jana iko chini kila siku

Hii ni fupi. Jana haijamaliza kufika. Google Analytics 4 inaweza kuchukua saa 24 hadi 48 kuchakata data, na simu zilizokuwa bila mtandao hutuma matukio yao zikiupata. Pima mwenyewe: andika leo idadi ya jana, iangalie tena kesho, keshokutwa, na siku ya nne. Siku inapoacha kusogea ndiyo siku ya kuanza kuionyesha kwa wakubwa. Kama kuna matukio ya mwaka 1970, ambako kompyuta huanzia kuhesabu muda, mtu amesoma sekunde kama milisekunde (sekunde za sasa zina tarakimu 10, milisekunde 13; ukikosea upande mwingine utaupata mwaka wa maelfu ya mbali), au saa ya simu imevurugika. Hifadhi saa mbili kila mara, ya kifaa na ya kufika kwenye seva.

Namba imekaa vizuri mno, au grafu imekatika

Rekodi 5,000 kamili. Rekodi 150,000 kamili. Rekodi 1,048,576. Hizo ni kuta, yaani ukomo wa zana yenyewe, hakuna biashara inayotua juu ya namba hizo hasa kwa bahati. Looker huishia 5,000 kwenye jedwali la kawaida, Power BI hutoa hadi 150,000 kwenda Excel na 30,000 kwenda CSV, na karatasi moja ya Excel hubeba 1,048,576. Muundo wa zamani wa XLS hubeba 65,536 tu, na hilo liligharimu: kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, majibu 15,841 ya waliokutwa na UVIKO-19 nchini Uingereza yaliachwa nje ya hesabu za kila siku kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili za muundo huo. Faili lililokatwa hivyo hufunguka vizuri, kwa hiyo kosa halionekani mara moja.

Grafu inayoanza ghafla tarehe fulani, kabla yake kukiwa kweupe, mara nyingi ni muda wa kutunza data. Kwenye uchunguzi wa kina (Explorations) wa Google Analytics 4 mipangilio ya mwanzo ni miezi 2, na akaunti ya kawaida inaweza kupandishwa hadi 14. Pandisha siku unayofungua akaunti, maana kilichofutwa hakirudi.

Nani anafungua dashibodi zenyewe?

Siku moja utaulizwa ni ripoti zipi zifutwe kwa kuwa hazisomwi. Kuwa mwangalifu, data ya wasomaji wa ripoti ina mitego yake.

Ripoti inayoongoza kwa kufunguliwa inaweza kuwa ile iliyo kwenye televisheni ukutani. Ukurasa unaojipakia upya kila dakika 5 hufunguliwa mara 288 kwa siku, mbele ya ofisi tupu. Upande wa pili, ripoti inayoonekana mfu inaweza kuwa inasomwa na bodi nzima kila Ijumaa, kwa sababu mtu mmoja huifungua, anapiga picha ya skrini na kuibandika kwenye barua pepe. Kwa mfumo huo ni msomaji mmoja, mara moja kwa wiki. Kabla ya kufuta, mwandikie huyo mmoja.

Kwenye Power BI, kumbukumbu za shughuli za watumiaji hupatikana kwa siku 28 zilizopita tu, na kila ombi la kuzitoa lazima libaki ndani ya siku moja ya UTC. Usipokuwa na kazi ya kila usiku inayozihifadhi kwako, swali la "nani aliifungua robo iliyopita" halina jibu. Jambo jingine la Power BI linalofanana na kosa ila ni utaratibu: ripoti isiyotembelewa na mtu kwa miezi miwili husitishiwa usasishaji wa ratiba, na usasishaji ukishindwa mara nne mfululizo huzimwa. Mtu anarudi likizoni, anakuta namba za zamani, anasema data imeganda. Washa tena ratiba, kisha soma kwanza ujumbe wa kushindwa. Mara nyingi ni nywila iliyobadilishwa.

Ukishapata chanzo

Usizibe pengo kwa makadirio kimyakimya. Weka alama kwenye grafu yenyewe, si kwenye barua pepe itakayopotea: "12 Machi 14:00, toleo jipya liliacha kutuma tukio la malipo. Limerekebishwa 15 Machi 09:30. Siku hizo tatu hazijajazwa." Kisha mjibu yule wa asubuhi kwa mpangilio huohuo: kilichotokea, tangu lini hadi lini, namba zipi zimeguswa na zipi hazijaguswa. Hilo la mwisho ndilo analolihitaji zaidi, kwa sababu mkutano wake ni saa tano na bado anayo ile picha ya dashibodi mkononi.